Gurudumu Lililoinama

Mpwa wangu alinijia baada ya Alasiri, tairi begani. "Mjomba, litazame hili," akasema. Upande wa nje, meno yake yangali mazima. Upande wa ndani, uliojificha chini ya bodi, nyuzi za chuma zilikuwa zimechomoza. Tairi hilo ndilo lililomleta yeye na mkewe mja mzito kutoka Malindi hadi Mombasa, mvua ikinyesha.

Gari lake ni Datsun 240Z, lenye viti viwili tu. Wazee wanalikumbuka: mwaka 1971 lilishinda mashindano ya Safari likiendeshwa na Edgar Herrmann, na mwaka 1973 likashinda tena mikononi mwa Shekhar Mehta. Mpwa wangu alitaka lake liwe na sura ya kimashindano. Kiwandani gari hili halikuwekewa njia ya kurekebisha mwinamo wa magurudumu ya mbele, ambao mafundi huuita kemba. Basi alifunga juu ya shokomzoba vibao vyenye matundu marefu, akavisukuma ndani hadi mwisho.

Mwinamo wenyewe si kosa. Gari likikata kona, bodi hulala na gurudumu la nje hulala pamoja nalo. Likiwa limeinama ndani kidogo tangu awali, tairi hukanyaga barabara kwa upana wake. Lakini wenye kwenda mbio huishi konani, ilhali sisi safari zetu nyingi ni za barabara iliyonyooka. Hapo mwinamo ukizidi, tairi hukanyaga kwa ukingo tu, na breki za ghafla hukosa pa kushikia.

Tulipima kwa timazi ya mwashi, gari likiwa sakafu sawa na upepo wa matairi ukilingana. Uzi huning'inizwa mbele ya gurudumu, kisha hutazamwa ukingo wa juu wa rimu umeingia ndani kiasi gani kuliko wa chini. Kwa rimu ya inchi 14, milimita 6 au 7 ni kama digrii 1. Kushoto tulipata milimita 17, kulia 12. Tofauti hiyo ilinitisha kuliko mwinamo wenyewe, kwa kuwa gari huvutwa upande ulioinama kidogo zaidi. Kwetu sisi tunaoendesha kushoto, kulia ndiko yajako malori.

Fundi alianza na bushi za mikono ya chini, zilizokuwa zimelika. Kupima juu ya bushi mbovu ni kazi bure. Kisha akainua gari kwa jeki, akalegeza nati, akasogeza vibao nje, akakaza. Gari liliposhushwa alilisukuma mbele na nyuma ili springi zitulie, akapima upya, mara tatu, hadi pande zote mbili zikawa digrii 1. Mwisho akarekebisha tairodi, maana kemba ikiguswa, magurudumu huacha kuelekea mbele sawasawa, na hilo ndilo hasa limalizalo tairi upesi.

Mkewe sasa, kabla ya safari, huomba usukani ukatwe hadi mwisho, gari lizimwe, kisha hupitisha kiganja taratibu upande wa ndani wa kila tairi la mbele. Juma lililopita alikuta meno yamelingana, akapanda.