NENO "STRICT" NA SHADDA YA CHUONI



Katika skuli nyingi neno la Kiingereza "strict" hufasiriwa "mkali", na mambo huishia hapo. Matokeo yake, mwanafunzi akitakiwa aandike kwa Kiingereza habari za mwalimu wake mkali, huandika "fierce", neno linalomfaa zaidi simba au mbwa wa mlinzi. Tumeona bora tulichunguze neno hili, kwani tafsiri hiyo imetupotezea maana yake.

"Strict" limetokana na neno la Kilatini "strictus", yaani kilichokazwa au kilichobanwa. Kitendo chake ni "stringere", kukaza. Lilipoingia katika Kiingereza, karne ya 15, lilikuja na maana hiyo ya kubanwa, na katika karne ya 16 likatumika kwa sheria na kwa watu wasiolegeza. Ndugu zake ni wengi. "Restrict" ni kuwekea mpaka. "Strait", mlango wa bahari kama ule wa Hormuz, ni pale maji yalipobanwa baina ya nchi kavu mbili. Hata "district" limo: zamani huko Ulaya lilikuwa eneo ambalo bwana mwenye mamlaka aliweza kuwabana watu wake wamtii. Lakini "string", yaani kamba, msilitie humo. Hilo Waingereza wanalo tangu kale, hawakulichukua kwa Kilatini.

Kwa hiyo asili ya neno ni kukaza, wala hamna habari ya makali. Mgonjwa wa kisukari aliye katika "strict diet" hamfokei mtu. Ameshika masharti ya chakula chake bila ya kulegeza.

Sasa turudi chuoni, maana Kiarabu nacho kina jambo kama hili. Shadda tunayoisoma kila siku inatokana na kukaza na kufunga imara, na katika mzizi huo huo mna "shadiid", neno lililomo mara nyingi ndani ya Qur'ani kwa maana ya kilicho kikali au chenye nguvu. Alama yenyewe inasemekana iliwekwa na Al-Khalil bin Ahmad Al-Farahidi, mwanachuoni wa Basra mwenye asili ya Oman, wa karne ya 2 Hijria, naye aliitoa katika kichwa cha herufi shin.

Waliosoma Safinatun Najaa wanajua kuwa Suratul Faatiha ina shadda 14, na katika madhehebu yetu ya Shafi kila moja ni lazima ichungwe. Ukiiacha ile ya "iyyaaka", neno hugeuka likawa ni mwanga wa jua.

Hapa chuoni tunaye maalim mmoja ambaye hatujapata kumsikia akipaza sauti, wala bakora hana. Lakini ukilegeza shadda hiyo, anakunyamazia mpaka urejee mwanzo wa sura, hata kama Magharibi imekaribia na wenzako wote wameshafunga juzuu zao. Tulipokuwa wadogo tukimwita mpole. Kwa Kiingereza yeye ndiye "strict" kuliko wote. Tulipata kuwa na mwengine wa bakora na makelele, ambaye siku akifurahi hukuacha usome utakavyo. Huyo alikuwa mkali tu.