Ng'ombe Aliyerudi Kwenye Joto Huenda Alishika Mimba

Ng'ombe akishahimilishwa, mfugaji huanza kuhesabu wiki tatu. Zikipita salama, moyo hutulia. Lakini siku ya 21 ng'ombe akianza tena kulialia, kupanda wenzake na kusimama anapopandwa, hukumu hutolewa papo hapo: hakushika. Lawama humwendea mhimilishaji, au mbegu, au ng'ombe mwenyewe, na akirudia mara ya tatu safari ya mnadani huwa imekaribia. Hukumu hiyo mara nyingi inakosea tangu msingi wake. Watafiti waliochunguza mayai siku chache baada ya uhimilishaji wamekuta kwamba, kwa mitamba na kwa ng'ombe wanaotoa maziwa ya wastani, mayai kama tisa kati ya kumi huwa yamerutubishwa. Ilhali wanaofikia kuzaa kutokana na uhimilishaji huo mmoja huwa nusu, au wanazidi nusu kidogo tu. Sehemu kubwa ya pengo hilo hutokea kabla ya siku ya 16. Ng'ombe wengi wanaoambiwa hawakushika, basi, walishika na wakapoteza bila mtu yeyote kujua.

Ili kuelewa wanapotezaje, ni lazima kufuata safari ya kiinitete. Yai huchomoka kwenye ovari saa 24 hadi 30 hivi baada ya joto kuanza, nalo hurutubishwa ndani ya mrija wa uzazi. Siku ya nne au ya tano kiinitete huteremka kwenye mji wa mimba kikiwa kifundo kidogo cha seli. Kufikia siku ya tisa au ya kumi kimekwisha kutoka katika ganda lake laini, na hapo ndipo huanza jambo la ajabu: badala ya kujishikiza ukutani, hurefuka. Siku ya 13 urefu wake ni milimita chache tu. Siku ya 16 au 17 kimekuwa uzi mwembamba unaofikia sentimita 15 au zaidi. Muda huu wote kinaelea, kikilishwa na majimaji yanayotolewa na kuta za mji wa mimba, kwa kuwa kushikamana na mama huanza karibu na siku ya 20. Na mama, kwa upande wake, bado hana habari. Pale yai lilipochomoka kwenye ovari pamejengeka tezi ya muda, ya rangi ya manjano, inayotoa homoni ya projesteroni, ambayo ndiyo inayotayarisha mji wa mimba na kuzuia joto jipya. Isipopatikana taarifa yoyote kufikia siku ya 16 au 17, mji wa mimba humwaga prostaglandini, tezi hufa, projesteroni hushuka, na ng'ombe hurudi kwenye joto. Kiinitete ni lazima kipige hodi kabla ya hapo. Kikichelewa, hufa hata kama kilikuwa kizima, kwa sababu mwili wa mama umeshaanza mzunguko mwingine.

Ushahidi wa kwanza ulio wazi ulitoka kwa kondoo. Katika miaka ya 1960, watafiti Moor na Rowson wa Cambridge, Uingereza, waliwatoa kondoo viinitete katika siku tofauti. Vilipotolewa siku ya 12 au kabla yake, kondoo alirudi kwenye joto kwa wakati wake wa kawaida; vilipotolewa siku ya 13 au baadaye, joto lilichelewa, yaani taarifa ilikuwa imekwisha kumfikia. Kisha walisaga viinitete vya siku 14 na 15 na kuvitia kwenye mji wa mimba wa kondoo wasio na mimba, na tezi ya manjano ikaendelea kuishi. Vilipopashwa moto kwanza, vilipoteza nguvu hiyo. Hapo ilionekana kuwa kuna kitu halisi kinachotolewa na kiinitete, kitu kinachoharibiwa na moto. Mwaka 1987 kilitambuliwa kuwa protini ya jamii ya interferoni, jamii ile ile inayojulikana kwa kuukinga mwili dhidi ya virusi. Leo huitwa interferoni-tau, na ng'ombe, kondoo na mbuzi wote huitegemea. Nguruwe ana njia nyingine: viinitete vyake hutoa estrojeni kuanzia siku ya 11 au 12, na kwa kawaida visipokuwapo angalau vinne, mimba haiendelei. Mbwa hahitaji hodi yoyote, kwa kuwa tezi yake huishi karibu muda ule ule awe na mimba au asiwe nayo.

Kuna pingamizi linalostahili jibu: je, huku si kujichuja kwa maumbile, viinitete vyenye kasoro vikiondolewa mapema? Kwa sehemu, ndiyo. Baadhi vina hitilafu za kromosomu na havikuwa na mustakabali. Lakini hoja hiyo haielezi kwa nini hasara huongezeka jua linapokuwa kali. Majaribio ya ng'ombe yameonyesha kwamba kiinitete cha siku ya kwanza huharibiwa kwa urahisi na mwili wa mama uliopata joto kupita kiasi, wakati cha siku ya tatu kinaweza kustahimili joto hilo hilo. Wala haielezi habari ya projesteroni. Ikichelewa kupanda katika wiki ya kwanza, kiinitete hukua polepole, hubaki kifupi, na kiinitete kifupi hutoa interferoni kidogo. Hizi ni sababu zilizo nje ya kiinitete chenyewe, na baadhi yake mfugaji anaweza kuzishika mkononi: kivuli na maji ya kutosha siku ya uhimilishaji na siku zinazofuata, hasa kwa ng'ombe wa kigeni wanaofugwa Pwani, na lishe isiyomwacha ng'ombe anayekamuliwa akikonda wakati anapotakiwa kushika mimba.

Mwingine atasema maelezo haya yanamfichia makosa mhimilishaji. Hapana. Ile tisa kati ya kumi hupatikana pale joto linapotambuliwa vizuri na kazi kufanywa kwa wakati, ndiyo maana aliyeonekana asubuhi huhimilishwa jioni. Mbegu ikiwekwa baada ya yai kuchakaa, hakuna mimba ya kupoteza. Kinachosaidia kutofautisha ni kumbukumbu ya tarehe, na ninaisisitiza kwa sababu daftari ni rahisi kuliko dawa yoyote. Akirudi kati ya siku ya 18 na 24, ama yai halikurutubishwa ama kiinitete kilikufa kabla ya kupiga hodi. Akirudi siku ya 28 au 35, inawezekana kabisa hodi ilisikika na mimba ikafa baadaye. Na wanapokuwa wengi wa namna hiyo katika zizi linalotumia fahali wa kuazimana, daktari wa mifugo anapaswa kuitwa achunguze magonjwa ya zinaa kama trikomonasi na kampilobakta. Anayerudi karibu na siku ya 42, yawezekana joto la kati lilipita bila kuonekana.

Kutorudi nako si hakikisho. Ng'ombe anaweza kukaa kimya kwa sababu ovari hazifanyi kazi au kwa sababu dalili zake ni hafifu, na wapo wachache wenye mimba ambao huonyesha joto. Kosa la gharama kubwa hufanyika hapa: kumdunga sindano ya prostaglandini ng'ombe “aliyekaa muda mrefu” ili kumleta kwenye joto bila kumpima. Dawa hiyo ni ile ile ambayo kiinitete kilipambana kuizuia, na ikimkuta ana mimba changa huitoa. Kipimo cha picha cha ultrasaundi kinaweza kuonyesha mimba kuanzia siku ya 28 au 30, na mkono wa mtaalamu kuanzia wiki ya sita hivi. Sindano ingoje mpaka kimojawapo kimefanyika.