Ndama wa Tembo Mjini Arusha

Filamu ya Hatari! ya Howard Hawks, iliyotoka mwaka 1962, ilipigwa picha Tanganyika, ikiwemo Momella chini ya Mlima Meru na Ngorongoro. Karibu na mwisho, Dallas, mpiga picha aliyeigizwa na Elsa Martinelli, anatoroka kambini kwa ajili ya mapenzi. John Wayne na wenzake wanamsaka, na ndama wa tembo aliowalea Dallas wanamfuata hadi katikati ya mji wa Arusha. Wamejuaje njia?

Filamu inajibu kwa harufu, na jibu hilo lina mashiko: utafiti wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa tembo wa Afrika ana jeni takriban 2,000 za kunusa, zaidi ya mara mbili ya mbwa. Lakini mtazamaji haridhiki na jeni. Utani unaingia hapo: ndama wanamfuata Dallas kudai maziwa yao. Utani huo una mizizi, maana filamu imeshaonyesha mbuzi wakikamuliwa ili ndama wanyweshwe. Kusema kwamba walipanda Hiace kunachekesha mara moja tu, kwani kunaweza kubandikwa kwenye filamu yoyote.

Ufundi huu wa kuziba pengo la filamu kwa utani Watanzania wanaujua vizuri kupitia vibanda umiza, ambako watafsiri kama Derek Gaspar Mukandala, maarufu Lufufu, walisimulia filamu za nje kwa Kiswahili. Pengo la hadithi lilikuwa riziki yao. Mhusika akifanya jambo lisiloeleweka, msimulizi humpa sababu, na mara nyingi sababu hiyo imetoka mtaani kwa wasikilizaji.

Kwa mtazamaji wa Karatu, hasa wa vijiji vinavyopakana na msitu wa Ngorongoro, fumbo lenyewe linageuka. Tembo kuingia kwenye makazi ya watu si ajabu: hushuka usiku, na wenye mashamba hukesha na tochi na madebe ya kugonga. Cha ajabu ni tembo kupita mji mzima bila kugusa hindi hata moja. Utani unaofaa huko ni kwamba hao ni wageni, mashambani Rhotia, huko huko Karatu, hawajafika. Ila ndama wadogo hutegemea maziwa, mahindi bado si chakula chao cha kugombania. Kwa hiyo lile deni la maziwa, japo lilisemwa kwa mzaha, ndilo lililo karibu zaidi na maumbile ya tembo.