Mama Aliyeazima Mtoto wa Mwenzake

Mtoto akichelewa kurudi kutoka shule kwa nusu saa tu, moyo wa mama huanza kwenda mbio. Basi fikiri hali ya mama anayeambiwa kwamba binti yake amechukuliwa na watu wasiojulikana, nao wanadai fedha.

Hiyo ndiyo habari iliyomo katika sinema ya Kiingereza iitwayo Seance on a Wet Afternoon, iliyotolewa mwaka 1964. Iliongozwa na Bryan Forbes kutokana na riwaya ya Mark McShane. Wengi huitazama kama hadithi ya polisi na wahalifu. Lakini sisi akina mama tukiitazama kwa makini, tutaona kwamba ni hadithi ya ndoa, na ya msiba ambao haukuliliwa.

Mpango wa Myra

Myra Savage anaishi London na mumewe Billy. Hujipatia riziki kwa kukusanya watu nyumbani na kudai kwamba anazungumza na roho za wafu, akiongozwa na Arthur, mwanawe aliyefariki. Lakini wateja ni wachache, na Myra anatamani sana dunia imtambue.

Ndipo anapobuni mpango wa ajabu. Billy amwibe Amanda, binti wa tajiri mmoja, na kudai pauni 25,000. Kisha Myra aende kwa wazazi na polisi, “aoteshwe” mahali mtoto alipo, na kupata sifa. Kwake huo si wizi. Anasema wanamwazima mtoto tu.

Kinachoniuma zaidi mimi kama muuguzi ni chumba anachofungiwa Amanda. Wamekipanga kama wodi. Myra anavaa sare ya muuguzi na kumwambia mtoto kwamba ni mgonjwa na yuko hospitali. Sare ile tunaivaa ili mtoto aliye mbali na mama yake asiogope. Hapa imekuwa kamba ya kumfunga.

Wakati huo huo Myra anakwenda nyumbani kwa akina Amanda akijifanya mfariji. Baba hamwamini. Mama, kwa uchungu wake, yuko tayari kushika hata unyasi. Anafika mpaka katika nyumba ya Myra kutafuta habari za mwanawe, asijue kwamba mtoto yumo humo humo!

Mume asiyesema hapana

Billy, aliyeigizwa na Richard Attenborough, si mtu katili. Ni mpole, ana pumu, na anampenda mkewe. Anajua kwamba mpango ni mbaya, lakini kila akipinga, Myra humnyamazisha, naye hutii ili nyumba iwe na amani.

Ukweli kuhusu Arthur tunaujua baadaye. Hakuwahi kuishi hata siku moja. Alizaliwa akiwa amekufa. Miaka yote Myra amekuwa akizungumza naye kama aliye hai, na Billy ameitikia. Alidhani anamhurumia mkewe, kumbe anamwacha azame.

Matokeo yake ni ya kutisha. Amanda anashikwa na homa, na Myra anasema kwamba Arthur anataka mwenzake huko aliko. Hapo tu ndipo Billy anapokataa kwa vitendo: anamwacha mtoto karibu na kambi ya maskauti, naye anapatikana akiwa hai. Mwishoni polisi wanamwomba Myra aonyeshe kipawa chake, na katika kufanya hivyo anajifichua mwenyewe. Kim Stanley, aliyemwigiza Myra, aliteuliwa kushindania tuzo ya Oscar.

Tujifunze nini?

Mama anayepoteza mtoto hageuki mwizi wa watoto. Tusimwogope wala kumshuku. Lakini huzuni iliyofungiwa ndani haifi. Wakati sinema hii inatengenezwa, katika hospitali nyingi za Uingereza mtoto aliyezaliwa mfu aliondolewa upesi, na mama akashauriwa asahau. Mwaka 1978 wazazi waliofiwa walianzisha chama kiitwacho Sands ili sauti zao zisikike, na utaratibu ukabadilika polepole. Leo wauguzi hufundishwa kumpa mama nafasi, akipenda, ya kumwona mtoto wake, kumshika na kumpa jina.

Hata sasa, karibu watoto milioni 2 huzaliwa wakiwa wafu duniani kila mwaka. Bila shaka mmoja wa mama zao unamfahamu. Usimwambie, “Usijali, utapata mwingine.” Kaa naye. Mwulize mtoto alifananaje, umwache alie. Akipita wiki nyingi bila kulala wala kula, au akisema anasikia sauti zinazomwamuru, mpeleke kwa daktari bila kukawia.

Nanyi akina baba mnaosoma gazeti hili baada ya wake zenu, msinyamaze kwa kudhani kwamba kunyamaza ni upendo. Billy angalisema mapema, kwa upole na kwa uthabiti, “Mke wangu, mtoto wetu alikufa, njoo tumlilie pamoja,” Amanda asingaliibwa.