Chanjo iwafuate wanafunzi mabwenini





Mwaka 2021 nilikuwa mwanafunzi wa chuo kimoja hapa Morogoro. Februari mwaka ule Wizara ya Afya ilitangaza kuwa haina mpango wa kupokea chanjo ya Korona. Tarehe 28 Julai Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa hadharani. Je, kijana aliyesikia kauli mbili katika mwaka mmoja ashike ipi?

Bwenini maneno yalikuwa mengi. Wengine walidai sindano ile huleta ugumba. Nami niliogopa. Hotuba hazikunitoa hofu; aliyenitoa ni mwenzangu wa chumbani. Alichanjwa, akapata homa siku moja, kisha akaendelea na masomo. Kesho yake nami nikaenda.

Chanjo ya Janssen ilitufaa kwa sababu ilikuwa ya mara moja. Zilipokuja Sinopharm na Pfizer, za mara mbili, baadhi ya wenzetu siku ya pili iliwakuta likizo, wengine huko Matombo milimani Uluguru, na nauli hawana.

Morogoro ina vyuo vikuu kama Sokoine na Mzumbe, na wanafunzi hutoka mikoa yote. Siku chanjo nyingine ikihitajika, nawashauri wahusika wailete mabwenini, tarehe zifuate mihula, na mganga akubali kuulizwa maswali bila kukemea. Asiyejibiwa na mganga hujibiwa na uvumi.

Mpenda Afya,
Morogoro.