Waridi la kale: adimu bustanini, rahisi sokoni

Mfanyabiashara aliyezoea kwamba kitu kikiadimika bei yake hupanda atapata taabu kuielewa biashara ya miche ya waridi la bustani. Katika soko hilo, ambalo wateja wake wakubwa wako Marekani na Ulaya, waridi lililobakia mashina machache tu duniani linaweza kuuzwa kwa bei ile ile ya waridi linalooteshwa kwa maelfu. Mara nyingine hutolewa bure.

Sababu yenyewe ni nyepesi. Waridi huzaliana kwa vipandikizi. Mwenye mkasi na kijiti chenye macho matatu au manne anaweza kupata, baada ya miezi michache, mche ulio sawa kabisa na mama yake. Muuzaji akishauza mche wa kwanza, mnunuzi huyo ameshapata uwezo wa kuwa mshindani wake.

Haki ndiyo yenye bei

Wazalishaji wa aina mpya waliliona tatizo hilo mapema. Mwaka 1930 Marekani ilipitisha sheria ya hakimiliki ya mimea, na hati namba 1, iliyotolewa Agosti 1931, ilikwenda kwa waridi la kutambaa liitwalo 'New Dawn'. Tangu hapo mwenye hati anaweza kudai mrabaha kwa miche inayooteshwa, kwa muda ambao sasa ni miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha ombi.

Wakulima wa Naivasha wanaijua hesabu hiyo. Kenya ilijiunga mwaka 1999 na UPOV, umoja wa kimataifa unaolinda aina mpya za mimea, na mashamba yanayosafirisha maua ya kukatwa hulipa mrabaha kwa kampuni za nje zinazomiliki aina hizo.

Hata hivyo, haki hiyo ikiisha, au kama haikuwapo tangu mwanzo, kampuni haina faida kubwa ya kulitangaza waridi hilo. Hufutwa katika orodha ya bei, na nafasi yake kitaluni huchukuliwa na jipya. Walioathirika zaidi ni mawaridi ya kale. Kwa kipimo cha Chama cha Waridi cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1892, hayo ni ya makundi yaliyokuwapo kabla ya 1867, mwaka ambao Mfaransa Jean-Baptiste Guillot alitoa 'La France'.

Mali ya makaburini

Kazi ambayo soko liliiacha ilichukuliwa na vyama vya wapenzi wa waridi. Jimboni Texas, miaka ya 1980, kikundi cha Texas Rose Rustlers kilianza kutafuta mawaridi yaliyosalia makaburini, kando ya barabara na kwenye mahame, na kukata vipandikizi vyake. Mengi yalikuwa yameishi miaka mingi bila maji ya bomba wala dawa, jambo ambalo kwa mteja wa nchi kavu ni sifa kubwa. Kitalu cha Antique Rose Emporium, kilichoanzishwa na Mike Shoup katika miaka hiyo hiyo, kilijenga biashara juu ya mawaridi ya namna hiyo. Mauzo yake yaliegemea uimara wa mche na historia yake.

Waridi lililookotwa bila jina hupewa jina la muda, kwa kawaida la mahali lilipopatikana, hadi litambuliwe. Hapo ndipo penye hatari kwa mnunuzi. Mche uliookotwa katika barabara ya Katy, Houston, uliuzwa kwa jina la 'Katy Road Pink'. Baadaye ulitambuliwa kuwa ni 'Carefree Beauty', kazi ya Griffith Buck wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, iliyotolewa mwaka 1977. Aliyeununua akidhani ni wa kale alipata waridi zuri na gumu, lakini la kale hakupata.

Chama nacho hufilisika

Aidha, kuwaachia wapenzi kazi ya kuhifadhi si dhamana kamili. Chama cha Kifalme cha Waridi cha Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 1876, katika kilele chake kilikuwa na wanachama zaidi ya 100,000. Wanachama walipungua, na mwaka 2017 chama kikawekwa chini ya mfilisi. Bustani yake karibu na St Albans ilifungwa. Mkusanyo ulio mahali pamoja, chini ya mmiliki mmoja, hubeba na madeni ya mmiliki huyo.

Kwa upande mwingine, bustani ya Sangerhausen, Ujerumani, iliyofunguliwa mwaka 1903, bado ina aina zaidi ya 8,000, mkusanyo mkubwa kuliko wote duniani. Imepita vita kuu mbili na kugawanywa kwa nchi yake. Wapenzi wa waridi ndio walioianzisha, lakini haikuachwa iishi kwa ada zao pekee: watalii hulipa kiingilio na mji wenyewe unaiona kuwa ni mali yake.

Anayefikiria kuweka fedha zake katika mawaridi ya kale asitegemee uadimu umlipe. Kinacholipwa ni kazi inayouzunguka mche: kuuotesha ukiwa na afya, kuufikisha salama, na kuandika ulikotoka, nani aliutambua na lini. Anayeagiza kutoka nje ahesabu pia kibali cha kuingiza mimea na cheti cha afya ya mimea, maana shehena isiyo na karatasi hizo inaweza kuteketezwa mpakani. Baada ya hapo, awagawie wenzake watatu au wanne vipandikizi vya kila aina. Shina lake likifa, atajua pa kwenda kuomba kijiti. Na daftari lisiachwe nyuma, kwani wahenga walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari.