Umemwita, Amekuja, Umemchapa

Swali hili huja Jumatatu, kwa sababu Jumapili ndiyo siku watu wanayoshinda nyumbani na kukumbuka kwamba wana mbwa. Huja kwa ujumbe wa sauti, nyuma yake kuku wanatetea na mtoto analia. "Mwalimu, habari za kazi. Huyu Simba wangu nikimfungulia tu anatoka nduki. Saa mbili, saa tatu hayupo. Akirudi namchapa kweli kweli, lakini hakomi. Sasa nilikuwa nauliza, nimchape na nini?"

Nimchape na nini. Miaka 19 nafundisha mbwa Arusha, na hilo ndilo swali nililoulizwa kuliko yote. Mmoja wa Njiro alitaka kujua kama waya wa umeme unazidi kipande cha mpira wa tairi. Mama mmoja wa Sakina, mtu mzima na mwerevu, anayejua bei ya kila kitu sokoni, aliniuliza kama ni kweli pilipili kichaa ikitiwa kwenye ugali humtia mbwa adabu. Hapana, mama. Pilipili humpa mbwa tumbo linalowaka moto na kuhara, na kesho yake atakuwa na sababu nzuri zaidi ya kuhama.

Watu wamekwisha amua kwamba dawa ni kipigo, kilichobaki ni kuchagua chombo. Hakuna anayeuliza mbwa amejifunza nini kutokana na kile kipigo. Tulitazame tukio lenyewe taratibu, maana likitokea kwa kasi linadanganya.

Saa kumi na mbili jioni, geti linafunguliwa ili gari liingie. Simba, aliyefungiwa bandani tangu alfajiri, anapenya pembeni ya tairi na kupotea. Huko nje mtaa umejaa mambo. Jalala lina mifupa. Jike la jirani liko kwenye joto, na harufu yake imekuwa ikimfikia bandani siku nzima. Bodaboda inapita, na bodaboda imeumbwa ikimbizwe. Dakika 40 za raha tupu. Kisha anasikia mluzi wako na jina lake. Anasita. Anaiacha mifupa, anamwacha jike, anashika njia ya nyumbani. Fikiria ukubwa wa jambo hilo: mnyama ameiacha starehe kwa hiari yake kwa sababu umemwita. Anaingia getini mkia unacheza. Wewe umesimama na fimbo nyuma ya mgongo. Unamshika ukosi, unamtandika.

Kutoroka kulikwisha dakika 40 zilizopita, nako kulikuwa kutamu. Kwenye hesabu ya mbwa, tendo la mwisho kabla ya fimbo ni kuitika. Mbwa huunganisha alichofanya na kile kinachofuata papo hapo, ndani ya sekunde moja au mbili. Hafungui faili la saa kumi na mbili jioni akasoma shitaka lake. Anachokiona ni hiki: nimesikia neno, nimekuja, nimeumia. Ukirudia mara tatu, somo limeiva. Kwa hiyo, kaka, usilalamike kwamba mbwa wako hafundishiki. Amefundishika vizuri sana, ila wewe hukujua unafundisha somo gani.

Hapa ndipo ninapokatizwa, na maneno huwa yale yale. "Lakini mwalimu, anajua kosa lake! Ungemwona anavyoingia, tumbo chini, masikio yamelala, macho pembeni. Anajua kabisa."

Imani hii ndiyo mama wa fimbo zote, basi niikalie kidogo. Alexandra Horowitz, mtafiti wa tabia za mbwa katika chuo cha Barnard, New York, aliipima na kuchapisha matokeo mwaka 2009. Alikuwa na mbwa 14 na wenyewe. Mwenye mbwa anaweka kipande cha chakula, anamkataza mbwa asikiguse, anatoka chumbani. Akirudi anaambiwa kama mbwa amekula au hakula, na ikiwa amekula, amkaripie. Ujanja ulikuwa kwamba nyakati nyingine aliambiwa uongo: mbwa ametii, mwenyewe anaambiwa amekula. Matokeo? Ile sura ya "nimekosa" haikufuata kosa. Ilifuata karipio. Mbwa aliyekaripiwa aliweka sura ile hata kama hakugusa kitu, tena waliokaripiwa bure ndio walioionyesha zaidi.

Basi hicho unachokiona getini si toba. Mbwa amekusoma wewe: mwendo wako, bega lililoinuka, sauti iliyobadilika, mkono uliojificha mgongoni. Analala chini kwa sababu kwa lugha ya mbwa hiyo ni kuomba amani. Nawe unaitafsiri kama kukiri kosa, unampiga mnyama anayeomba amani. Baada ya hapo anajifunza kwamba hata kuomba hakusaidii, na mbwa aliyefika hapo ana njia mbili tu: kutokuja kabisa, au kung'ata. Kwa wale wanaong'ata, wenye mbwa hunipigia simu mimi, mkono ukiwa umekwisha fungwa bandeji.

Sijasimama mbali na haya. Kampuni ya ulinzi nilikoanzia kazi ilitufundisha kwa fimbo ya mpera, nami niliitumia kwa bidii ya ujana. Kulikuwa na mbwa anaitwa Jeki. Zamu ikiisha tulimwita arudi bandani, naye alikuja mpaka hatua kadhaa kutoka nilipo, akaketi. Nikisogea, anasogea. Nikirudi nyuma, anafuata, kisha anaketi tena. Alikuwa amepima: urefu wa mkono wangu, jumlisha fimbo, ongeza hatua moja. Watu watatu wazima tulitumia karibu saa nzima kila asubuhi kumkamata mbwa mmoja, tukimwita mjinga.

Siku hizi kuna kundi jipya, la waliotazama video. Hawa hawasemi adabu, wanasema "alfa". Wameambiwa kwamba mbwa ni mbwamwitu, kundi la mbwamwitu lina mbabe, na usipokuwa mbabe mbwa atakutawala. Kwa hiyo wanamwangusha mbwa chali na kumkandamiza shingo mbele ya watoto. Habari hiyo ina chimbuko. Rudolf Schenkel aliandika mwaka 1947 juu ya mbwamwitu waliofungiwa pamoja katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi, na kweli waligombania vyeo. David Mech wa Marekani akaisambaza dhana hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1970. Kisha Mech mwenyewe akawafuatilia mbwamwitu porini miaka na miaka, na mwaka 1999 akaandika kwamba kundi la kawaida ni baba, mama na watoto wao. Wanaoongoza ni wazazi tu. Amejitahidi sana kuiondoa dhana aliyoieneza, lakini video hazijapata habari.

Anayedhani kufundisha bila fimbo ni mambo ya Wazungu na mbwa wao wanaolala kitandani, aende Morogoro. Tangu mwaka 2000 shirika la APOPO linafundisha panya buku pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Wananusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Panya akifanya sawa anasikia mlio wa "klik", halafu anapata ndizi au karanga. Mmoja wao, Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alipelekwa Kambodia akagundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100, na mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza likamtunuku nishani ya dhahabu. Panya! Wewe unaniambia mbwa wako wa kienyeji haelewi mpaka apigwe.

Wala kumwacha mbwa huru si jambo la kuagizwa nje. Pita njia ya Longido utawaona vijana wa Kimaasai na mbuzi wao, mbwa wawili watatu nyuma yao bila ukosi wala kamba. Hawatoroki, na hakuna aliyewalipia mafunzo. Mbwa yule tangu mdogo ameshinda na kijana kutwa nzima. Chakula kinatoka kwake, safari zinatoka kwake, kila jambo la kupendeza duniani linatokea karibu na miguu yake. Atoroke aende wapi? Sasa mlinganishe na Simba wa Njiro, anayemwona mwenye nyumba dakika tano kwa siku: mbili akitupiwa ugali, tatu akichapwa. Mkimwita wewe na mfupa, mfupa utakuwa umeshinda kabla hujamaliza kupiga mluzi.

Haya, cha kufanya. Nitakwenda haraka kwa sababu si kigumu, ila kinachosha, ndiyo maana watu wanapenda fimbo.

Tupa neno la zamani, limeharibika. Kama ulikuwa ukisema "njoo" kisha unapiga, chukua neno jipya: "hapa", au mluzi wa namna nyingine. Lugha haina maana yoyote. Najua kuna nyumba ambamo watu wanaongea Kiswahili wao kwa wao ila mbwa anaambiwa "kamu hia", kana kwamba alizaliwa London. Mbwa hajali. Anajali kinachofuata baada ya neno.

Kinachofuata kiwe kitu cha maana: firigisi, maini yaliyochemshwa, dagaa. Kipande kiwe kama punje ya harage, kisizidi, na mbwa awe na njaa kidogo. Wiki ya kwanza ni ndani ya uzio, hatua mbili tatu, mara kumi asubuhi na kumi jioni. Neno, anakuja, anakula, anaachiwa aende zake. Neno lisemwe mara moja. Ukiita "Simba, Simba, Simba, wee Simba", unamfundisha kwamba mara tatu za kwanza hazihesabiwi.

Kisha nunua kamba ya manila ya mita 10, uifunge kwenye mkanda wa kifuani, si shingoni, na usiizungushe mkononi kwani itakukata vidole. Nenda uwanja wa shule siku isiyo na wanafunzi. Mwache azurure, kamba iburuzike chini. Mwite. Asipokuja usirudie neno wala usimfuate. Kanyaga kamba asiende mbali, kisha wewe geuka ukimbie upande mwingine. Mbwa hukimbilia kinachokimbia, nawe mara moja utakuwa bodaboda. Akikufikia, mlishe na umsifu kwa sauti hata kama majirani wanatazama.

Usimwite kwa lolote asilolipenda. Kuoga, dawa ya kupe, kufungiwa bandani: kwa hayo mfuate alipo. Na kati ya kila mara kumi unazomwita, mara tisa mwachie arudi kucheza, asije akajua kwamba neno lako ndilo mwisho wa starehe. Akitoroka akarudi baada ya saa tatu, meza hasira yako, mpe firigisi, funga geti. Ndiyo, hata baada ya saa tatu. Kama huwezi, mwache mwingine nyumbani ampokee, wewe kaa ndani.

Kamba inaondoka lini? Kipimo changu ni mara kumi kwa kumi, mahali patatu tofauti, pakiwa na mbwa mwingine au mtu anayepita na nyama. Tisa kwa kumi haijatosha, ile moja ndiyo itakayokutana na lori. Kwa wengi huchukua wiki sita mpaka nane. Dume linalozurura kwa sababu ya majike, zungumza na daktari wa mifugo kuhusu kuhasi. Kuhasi hakutaondoa kila kitu, lakini kutakupunguzia mshindani. Na asishinde bandani saa 12 akafunguliwa mara moja, kwani hata wewe ungekimbia.

Wako ambao hawafunguliwi kabisa. Aliyekwisha ua mbuzi au kuku wa watu atembee na kamba maisha yake yote, na hayo si maonevu. Kando ya barabara kuu, kamba. Penye watoto wasiomjua, kamba. Na asiyechanjwa kichaa cha mbwa asivuke geti, kafundishwa au hakufundishwa, maana karibu vifo vyote vya watu kwa ugonjwa huo huanzia kwenye meno ya mbwa. Akimng'ata mtu, kidonda kioshwe hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kuanza chanjo. Asikae kungoja kuona mbwa atafanya nini, wala asipake vitunguu.

Na yule ndugu wa Njiro mwenye waya na mpira: mpira unaufaa mkokoteni. Nitumie ujumbe ukishanunua kamba.